Kimto cha pini: Chombo kidogo kinachomkinga fundi wa Pwani dhidi ya kutu na ajali

FUNDI wa nguo anapoupinda upindo wa kanzu, mikono yake yote miwili huwa imeshika kitambaa. Pini nazo zataka pahali pa kukaa, tena pahali palipo karibu. Kwa hivyo aghalabu huzibana kwa midomo, tatu au nne kwa pamoja, akawa anazichomoa moja moja huku akijibizana na mteja kuhusu urefu wa mikono. Mazoea haya yameota mizizi kiasi kwamba wanagenzi huyarithi pamoja na ufundi wenyewe.

Ni mazoea ya hatari. Mtu anayekohoa, anayepiga chafya au anayecheka ghafla huvuta pumzi kwa nguvu kabla hajawahi kufunga midomo, na pini iliyo kinywani hufuata pumzi hiyo. Madaktari wa Uturuki, Misri na nchi nyinginezo ambako wanawake wengi hujistiri kwa mitandio wamechapisha visa vingi vya pini zilizoingia mapafuni. Katika visa hivyo, wagonjwa wengi walikuwa wasichana waliokuwa wakifunga mtandio mbele ya kioo, pini ikiwa kati ya meno, wala hawakuwa mafundi. Kuitoa pini ya namna hiyo hulazimu mgonjwa apelekwe hospitali kubwa na kupitishwa kifaa chembamba cha kuchungulia njia ya hewa, na pengine hata kupasuliwa.

Jambo hili lina uzito katika sehemu kama Waa, kaunti ya Kwale, takriban kilomita 15 kusini mwa kivuko cha Likoni. Hapa mtandio ni vazi la kila siku, na mafundi wa cherehani huwa na misimu yao ya kukesha: kanzu na mabuibui Idi inapokaribia, kisha sare za shule ifikapo Januari. Msimu wa kukesha ndio msimu wa haraka, na haraka ndiyo mama wa pini kinywani.

Dawa yake ni chombo ambacho fundi anaweza kukishona mwenyewe kwa saa moja au mbili kutokana na mabaki ya vitambaa: kimto cha kuchomekea pini na sindano. Wapo wanaokiita mto wa pini tu, na hakuna ubaya. Sisi tutakiita kimto, kwani ukisema kijito msikilizaji ataenda kutafuta maji.

Wengi watasema kwamba hawana haja nacho, maadamu pini zinaweza kuchomekwa kifuani mwa shati, katika kipande cha sabuni au katika kipande cha sponji kilichokatwa kutoka kwa godoro kuukuu. Shati humchoma mwenye kulivaa, na humchoma zaidi mtoto anayepakatwa jioni na fundi aliyesahau. Sabuni huacha alama juu ya hariri na vitambaa vyepesi. Sponji nayo hukauka, ikaanza kumeguka na kuwa unga wa manjano. Hata hivyo, udhaifu mkubwa wa njia hizi zote kwa mkazi wa ufuoni ni kwamba hazizingatii adui wa pili wa fundi, ambaye ni kutu.

Chumvi iliyo hewani

Chuma hupata kutu kinapokutana na maji pamoja na hewa. Chumvi huharakisha kazi hiyo maradufu, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaokila chuma kwa wepesi zaidi kuliko maji matamu. Waa iko ufuoni. Mawimbi yanapopasuka kwenye mwamba hurusha matone madogo mno, na upepo wa kusi huyapeleka hadi barazani na madirishani. Anayeishi huko anajua jinsi bawaba za milango na mabati yanavyoliwa. Pini ya chuma, iliyopakwa nikeli nyembamba kama pumzi, haiwezi kustahimili pale mabati yaliposhindwa.

Pini yenye kutu hukwama katika kitambaa na kukivuta nyuzi. Mbaya zaidi, huacha doa. Doa la kutu juu ya kanzu nyeupe ni hasara kamili kwa fundi, maana mteja hatalipia kanzu iliyotiwa alama ya kahawia kifuani. Nao mafundi wengine, kwa kutaharuki, huikimbilia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hilo ni kosa, kwa sababu klorini hulikoleza doa la kutu badala ya kuliondoa. Linalofaa ni maji ya ndimu na chumvi kidogo juu ya doa, nguo ikaanikwa juani kwa saa kadhaa, kisha ikasuuzwa vyema. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu. Hufaa kwa pamba nyeupe. Kwa kitambaa cha rangi ni sharti kwanza kijaribiwe pembeni.

Swali basi ni hili: kimto kijazwe nini ili kisiwe chenyewe ndicho chanzo cha kutu? Hapa ndipo maelekezo mengi yanayotoka nchi za baridi yanapomwangusha msomaji wa Pwani.

Katika Uingereza na Marekani, tangu zama za Malkia Victoria, kimto mashuhuri ni kile chenye umbo la nyanya nyekundu. Pembeni mwake huning'inia kifuko kidogo mfano wa tunda la stroberi, ambacho ndani yake mna unga wa msasa wa kunolea sindano. Vimto vya huko vilijazwa unga wa mbao, pamba, nywele au sufu ya kondoo. Sufu ndiyo bora kati ya hivyo, kwa vile manyoya ya kondoo yana mafuta ya asili yanayoipaka sindano kila inapoingia na kutoka. Ila sufu safi si rahisi kuipata Kwale.

Pamba hulimwa humu humu kaunti, na ndiyo ya kwanza kumjia mtu akilini. Lakini pamba hunywa unyevu. Hata katika chumba kinachoonekana kikavu, takriban asilimia 8 ya uzito wake huwa ni maji, na wakati wa masika huongezeka. Kimto cha pamba tupu kilichoachwa karibu na dirisha mwezi wa Mei ni sawa na kuzilaza pini katika kitambaa kibichi.

Usumba wa nazi ni mwingi na wa bure, nao hujaza magodoro tangu jadi. Tatizo lake ni namna unavyopatikana: makumbi hufukiwa au kuloweshwa ufuoni kwa miezi kadhaa hadi yalainike, na usumba hutoka humo ukiwa umejaa chumvi ya bahari. Unga wa mbao nao hunywa unyevu kama pamba. Wapo pia wanaopendekeza waya laini wa kusugulia sufuria, eti utanoa sindano. Utanoa kwa majuma machache, kisha utageuka wenyewe kuwa vumbi jekundu.

Kinachobaki ni kile ambacho mabibi zetu walikitia katika mito ya kulalia, yaani sufi. Neno hili na sufu ni ndugu wa chimbuko moja la Kiarabu, ila sufu ni ya kondoo na sufi ni ya mti wa msufi. Unyuzi wa sufi ni kama mrija mwembamba wenye hewa ndani na nta nje. Kwa sababu hiyo hauloweki upesi na huelea majini. Katika Vita Vikuu vya Pili, sufi ndiyo iliyojaza makoti ya kuokolea mabaharia. Nta hiyo, pamoja na wepesi wake, huifanya iwe mjazo wa kufaa kwa kimto cha mwambao.

Inabidi kutahadhari mambo mawili. Sufi hushika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hivyo isichambuliwe karibu na koroboi, jiko au pasi ya makaa. Vilevile huruka na kuingia puani. Mchambuzi ajifunge kitambaa usoni na kuzima panka. Kokwa zake nyeusi zitolewe zote, kwani zina mafuta na huwavutia panya.

Hata hivyo sufi ina kasoro moja kwa kazi hii: ni nyepesi mno. Kimto cha sufi tupu huchezacheza mezani cherehani inapotikisika, na pini ikichomolewa kwa mkono mmoja, kimto hufuatana nayo. Chahitaji uzito chini, na uzito huo upo Waa kwenyewe. Mchanga mweupe wa silika, ule unaotumiwa kutengenezea chupa na vioo, hupatikana Waa, na vilevile Tiwi, Msambweni na Ramisi. Punje zake ni ngumu kuliko chuma cha sindano, kwa hivyo mchanga huo hukitia kimto uzito na hapo hapo hung'arisha ncha zinazofika chini.

Asidhani mtu kwamba mchanga wa ufuoni utafaa vivyo hivyo. Mchanga uliolowa maji ya bahari una chumvi, nayo huvuta unyevu kutoka hewani hata mchanga ukionekana mkavu.

Namna ya kukishona

Anza na mchanga, kwa sababu ndio unaochukua muda. Uoshe mara tatu au nne katika maji matamu. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi huwa ya magadi au chumvichumvi, basi tumia maji ya bomba au ya mvua. Ukaange katika karai mpaka ukauke kabisa, kama wafanyavyo wakaangaji wa njugu, kisha uache upoe. Uchekeche kupitia kitambaa chepesi ili kuondoa vijiwe. Usiuchekeche ungali na vumbi, kwani vumbi la silika hudhuru mapafu. Ndiyo maana kuosha kunatangulia.

Kwa kitambaa cha nje, hakuna kinachopendeza kama pembe ya leso iliyochakaa. Chagua sehemu ya mji yenye ua zima, au kona ya pindo. Sehemu yenye jina iache. Pengine mwenye leso bado analitaka lile neno hata kama nguo yenyewe imekwisha. Leso iliyofuliwa miaka mingi huwa imelegea nyuzi, na sufi itapenya. Kwa hivyo iwekewe marekani ndani. (Kitambaa hiki kilipata jina lake katika karne ya 19, wakati wafanyabiashara wa kutoka Massachusetts walipokuwa wakileta Unguja majora ya pamba isiyotiwa rangi.) Kwa sehemu ya chini itafaa jinzi au kitambaa chochote kizito cha suruali.

Kata duara moja la leso na jingine la marekani, kila moja likiwa na upana wa sentimita 22 kutoka ukingo hadi ukingo. Sahani ndogo ya chai haitoshi. Tumia bakuli, au funga chaki kwenye uzi wa sentimita 11 uzungushe. Kisha kata maduara mawili ya kitambaa kizito, upana wa sentimita 11, na mengine mawili ya marekani ya kipimo hicho hicho. Kila duara la kitambaa kizito liunganishwe na la marekani, ndipo uyaweke mawili mawili kwa mgongo nje, uyashone kwa cherehani sentimita moja kutoka ukingoni. Fupisha hatua ya cherehani kadiri iwezekanavyo, tena pitisha mshono mara mbili, la sivyo mchanga utavuja. Acha mwanya wa vidole viwili. Geuza kifuko, kijaze mchanga vijiko vikubwa vitano au sita, kisha funga mwanya kwa mkono. Kifuko kisijae pomoni; kikae bapa kama mkate wa sinia, kwa unene wa sentimita mbili hivi.

Sasa chukua duara kubwa la leso, ulilaze juu ya marekani yake. Tunga uzi imara, ikiwezekana mara mbili, na upige bandi kuzunguka ukingo mzima, sentimita moja kutoka mwisho. Usikate uzi. Uvute polepole mpaka duara lijikunje na kuwa kama kikapu, kisha anza kutia sufi.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuona kwamba kimto kimejaa ilhali hakijafika nusu. Sufi hudanganya macho. Tia konzi moja, ishindilie kwa kidole gumba hadi pembeni, ongeza nyingine, na uendelee hivyo hata kimto kiwe kigumu kama chungwa bichi. Ukikibonyeza, kirudi chenyewe papo hapo. Kimto kilicholegea huinamisha pini, na baada ya mwezi hubonyea katikati. Kikishakaza, vuta uzi mpaka mdomo ufungike, piga fundo mara tatu, na ushone kwa kukatiza katikati ili mdomo usifunguke tena.

Utabakia na donge lenye upana wa sentimita tisa au kumi. Liweke juu ya kifuko cha mchanga, mdomo ukiwa chini, na uviunganishe kwa mkono kuzunguka ukingo wote kwa mishono ya karibu karibu. Vaa subana, kwani kupenyeza sindano katika jinzi na marekani kwa pamoja si kazi ya kidole kitupu. Kimto kikikamilika kiwe na kimo kisichopungua sentimita tano. Kisipofika, pini ndefu zitagonga mchanga kila mara, na zilizo nyembamba zitapinda.

Ukipenda umbo la nyanya, pitisha sindano ndefu yenye uzi mnene katikati ya donge kabla hujaliunganisha na kifuko, uuzungushe kwa nje, uupitishe tena katikati, na kuvuta. Rudia mara sita ili upate vipande sita mfano wa chungwa lililomenywa, kisha shona kifungo juu ya makutano ya nyuzi. Si urembo mtupu. Vipande hivyo hutenga sindano za cherehani kwa nambari zake. Ile ya 11 ya vitambaa vyepesi haitachanganyika na ya 14 ya kazi za kawaida, wala na ya 16 au 18 ya jinzi na mapazia. Mwenye macho ya miaka 40 na kuendelea ataona faida yake.

Matumizi na utunzaji

Pini zenye kichwa zichomekwe mpaka karibu na kichwa. Sindano za mkono ni habari nyingine. Hazina kichwa cha kuzizuia, na ikisukumwa kidogo tu sindano huzama ndani na kupotea, ikangoja siku ya kumchoma mtu kiganjani. Zisiachwe bila uzi. Mkia wa sentimita 10 watosha kuionyesha ilipo. Ukishuku kwamba imo iliyozama, tumia sumaku ya spika ya redio mbovu. Ipitishe polepole juu ya kimto, nayo itaivuta sindano hadi juu. Sumaku hiyo hiyo hufaa kukusanya pini zilizodondoka sakafuni, isipokuwa zile za shaba nyeupe au ya manjano, ambazo haziitikii sumaku. Kwa ajili ya mtoto anayetambaa, ni afadhali kutumia pini za chuma ufuoni, pamoja na usumbufu wake wa kutu, kuliko za shaba ambazo ukizipoteza hutaziona tena.

Kimto kisiwekwe dirishani. Jioni kitiwe katika mkebe wa bati wenye kifuniko. Wakati wa masika, mara moja kwa juma, ondoa pini zote, uzifute kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya cherehani, uzikaushe vizuri ili zisitie nguo madoa, na kimto chenyewe ukianike juani adhuhuri hadi alasiri. Pini ikionyesha alama ya kutu itupwe, lakini si jalalani ovyo. Itiwe katika chupa ya plastiki yenye kifuniko mpaka ijae.

Nyumbani nako, kimto cha pili, hata kikiwa kidogo kuliko hiki na bila mchanga, kingewekwa mbele ya kioo ambapo mitandio hufungwa. Kinaweza kushonwa na msichana wa shule kwa alasiri moja.

Iwapo ajali imekwisha kutokea, mgonjwa asipigwe mgongoni wala asilishwe ugali au ndizi kwa nia ya kuisukuma pini. Asile wala asinywe chochote, apelekwe hospitalini mara moja akapigwe picha ya eksirei. Pini iliyomezwa mara nyingi hupita na kutoka yenyewe, lakini ni daktari pekee awezaye kuamua kama inafaa kungojwa. Iliyovutwa mapafuni humfanya mtu akohoe kwa dakika chache, kisha kikohozi hutulia na mgonjwa akadhani imetoka. Kutulia huko hakuthibitishi lolote. Na kwa kuwa mtu aliyebana pini nne kinywani hujua alikuwa na ngapi, ahesabu zilizobaki na kumwambia daktari idadi iliyopotea.

Fundi mwenye wanagenzi hana budi kuhesabu pini za kimto kila jioni kabla ya kufunga duka. Pakiti nyingi mno za pini kimtoni huifanya hesabu hiyo isiwezekane. 40 au 50 zatosha kwa meza moja, na nyingine zibaki katika kisanduku chake zikiwa zimefungwa katika karatasi yenye mafuta.